Hodi ya Saa Moja

Panya buku namba kumi na tisa alikuwa akivuka upepo. Bomba la kioo lilikuwa na urefu wa mita tatu, na ndani yake ulivuma upepo wa baridi kali, wenye nguvu ya kumvua mtu kofia. Mnyama mwenyewe, mkubwa kama paka, aliukata kichwa chini, masikio yamelala. Upande wa pili kulikuwa na bakuli la karanga. Alipofika, mkono wa roboti ulimwinua polepole ukamrudisha mwanzo, naye akaanza tena. Juu ya bomba, hewani, mstari mwekundu wa mwanga ulijichora wenyewe, ukipanda kila alipopiga hatua.

Alivuka mara tatu. Mara ya nne alisimama katikati, upepo ukimpiga usoni, akanusanusa, akageuka, akarudi alikotoka na kujikunja kwenye majani yake. Mstari ukaporomoka mpaka chini. Karanga zilibaki bakulini, na mnyama huyo alikuwa hajala tangu jana yake asubuhi.

Daktari Nyamizi Kasanda alikuwa amesimama pembeni akiuma ukucha wa kidole gumba, ingawa hapakuwa tena na cha kuuma. Panya huyo ndiye aliyekuwa wa mwisho kupimwa Jumatatu ile. Wale kumi na wanane waliomtangulia walikuwa wamefanya vilevile, na wengine hawakuvuka hata mara moja.

Mashine ile iliitwa kipimahamu, na ndiyo iliyoifanya Taasisi ya Misukumo ya Morogoro ijulikane mpaka ng'ambo. Zamani, mtafiti aliyetaka kujua panya ana njaa kiasi gani alikuwa anaweka waya wa umeme kati yake na chakula, kisha anahesabu amekubali kuumia mara ngapi. Akivuka mara kumi na nane kufuata chakula na ishirini na mbili kufuata watoto wake, wanaandika kwamba uchungu wa mwana unaishinda njaa. Ilikuwa sayansi, lakini ya kupapasa gizani. Kipimahamu kiliondoa umeme kikaweka upepo, na juu ya hapo kilisoma ubongo wenyewe kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kila hamu ikapewa rangi: kiu buluu, woga njano, ulezi kijani, njaa nyekundu. Rangi hizo, tusisahau, hazikutoka kwenye vichwa vya panya. Zilipangwa na watu, mezani, siku moja baada ya chai.

Aliyeipanga nyekundu ni Nyamizi. Kwa miaka mitatu aliona sehemu ileile ya ubongo ikiwaka kila asubuhi chakula kinapoletwa, akaiita njaa. Na nani angembishia? Mnyama hajala usiku kucha, chakula kinakuja, ubongo unawaka, anavuka baridi mara thelathini. Hata mtoto wa darasa la pili angekwambia hiyo ni njaa.

Sasa ilikuwa wiki ya tatu mstari unakufa, na hakuna aliyejua kwa nini. Karanga zilikuwa zilezile, baridi ileile. Kilichobadilika ni kimoja tu: Mzee Mwinshehe, mtunza wanyama, alikuwa amestaafu, na nafasi yake imechukuliwa na Mlishi, roboti wa kulisha asiyechelewa hata nukta moja. Kwenye makaratasi hayo yalikuwa maendeleo.

Nyamizi hakuwa mtu wa kukaa. Kiti cha ofisini kwake kilikuwa bado na nailoni ya dukani, mwaka wa pili sasa. Chai aliinywa akitembea, chakula alikila amesimama dirishani, na wenzake walimtania kwamba siku ya kufa kwake itabidi azikwe wima. Lakini wiki ile hata kwa kipimo chake mwenyewe alikuwa amezidi. Alizunguka maabara akigusa vitu visivyohitaji kuguswa. Na kilichomkosesha raha hasa si panya. Ni mama yake.

Baba yake Nyamizi alikuwa amefariki miezi minane nyuma, na tangu siku ya arobaini mama yake, Bi Mhoja, aliacha kula. Hakugoma wala hakulia. Alisema tu kwamba chakula hakina neno, ila kimemtoka moyoni. Kilo zikashuka kutoka sitini mpaka thelathini na tisa. Madaktari wakamwambia Nyamizi kwamba zikishuka tena mbili, moyo hautahimili.

Taasisi wakati huo ilikuwa inaanza kujaribu mbegu kwa binadamu. Mbegu ilikuwa kifaa kidogo kama punje ya mtama, kinapachikwa nyuma ya sikio, kinaamsha kwa mtu sehemu ileile ya ubongo ambayo kwa panya iliandikwa nyekundu. Ilikusudiwa watu waliopoteza hamu ya kula. Kila siku saa sita mchana mbegu ilipima mgonjwa amekula kiasi gani, na akiwa amekula kidogo, ilijiongezea nguvu yenyewe. Wagonjwa kumi na mmoja walikuwa wameshachaguliwa. Nyamizi alimwendea mkurugenzi, Profesa Lwitiko Mwakalobo, akamsihi amwongeze wa kumi na mbili. Profesa alisita, kwa sababu si vizuri mtafiti kumwingiza mzazi wake kwenye jaribio, kisha akamwonea huruma akakubali. Mbegu ikapachikwa. Siku ya tatu Bi Mhoja alimaliza bakuli la uji, na Nyamizi akaenda kulia ndani ya stoo ya vifaa, kilio cha furaha.

Kisha ndipo safari za mlangoni zilipoanza.

Jumatatu hiyo Nyamizi aliporudi nyumbani Kihonda, mlango ulimtambua ukafunguka, kama milango yote ya mji ule inavyofanya. Milango ya siku hizi ina jicho. Inakujua sura, inakujua mwendo, inafunguka kabla hujaufikia. Ndani alimkuta mama yake amesimama hatua mbili kutoka kizingitini, kanga imefungwa vizuri, uso umeinuka.

"Ni wewe," alisema mama. Alimshika mkono, wakaenda mezani, akala matonge kadhaa ya ugali wa muhogo na mlenda, anakula kweli, kwa hamu. Nyamizi naye alikula, amesimama, macho yakisoma namba za mbegu kwenye kioo cha mkononi. Kipimo kilionyesha themanini na moja. Nyekundu safi. Dakika kumi baadaye aliingia chumbani kwake kufanya kazi, na kupitia ukutani akasikia miguu ya mama ikiburuta kwenda mlangoni. Mlango ukafunguka. Kimya. Mlango ukajifunga. Miguu ikarudi. Kisha ikaenda tena.

Alitoka akamuuliza anatafuta nini. Bi Mhoja alijibu kwamba alidhani kuna mtu. Nyamizi akamwambia hakuna mtu, apumzike, na mama akakubali kwa adabu, akakaa, akainuka. Usiku ule Nyamizi aliandika kwenye ripoti: mgonjwa anakula, ana wasiwasi kiasi, madhara madogo.

Kesho yake alifungua kumbukumbu za miaka mitatu, akazipanga zote pamoja ukutani, siku juu ya siku, mpaka mistari mia kadhaa ikawa mmoja mnene. Ndipo akaona kitu ambacho kilikuwepo muda wote. Mstari mwekundu ulikuwa ukiruka saa moja kamili ya asubuhi. Chakula kilikuwa kinaingia saa moja na dakika sita. Siku zote alidhani ni harufu. Lakini Mlishi naye huingia saa moja na karanga zilezile, harufu ileile, na mstari haushtuki. Kwa hiyo kulikuwa na kitu ndani ya dakika sita. Alitazama fomu ya kila siku. Ilisema: saa 1:00 mlango wafunguliwa, saa 1:06 chakula. Katikati hapakuwa na neno, na sauti hazikurekodiwa, kwa sababu mwenyewe aliagiza zizimwe. Aliziita uchafu.

Akaondoka bila kuaga, akaenda Bigwa, nyumbani kwa Mzee Mwinshehe.

Mlango wa mzee ulikuwa wa mbao. Nyamizi alisimama mbele yake akangoja ufunguke. Ukamtazama tu. Alisogea kushoto, akasogea kulia, akainua uso ili jicho limwone vizuri, na dakika nzima ilipita kabla hajakumbuka kwamba milango mingine inasukumwa. Akausukuma akaingia. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, anamenya mihogo, na alikuwa amemwona muda wote kupitia ufa.

"Loo, Mnyamwezi. Leo umekuja bila mzigo kichwani, na hodi nayo umeiacha njiani."

Nyamizi alimpa shikamoo yake, kisha akamjibu kwamba ameagizwa kuangalia kama Wazaramo wanajua kazi nyingine zaidi ya kucheza ngoma. Walikuwa watani, kama makabila yao tangu enzi za wapagazi, na wao tangu siku ya kwanza ya kazi. Kwenye mazishi ya baba yake, Mwinshehe ndiye aliyekamata majembe akakataa kuyaachia mpaka apewe haki yake ya utani, na Bi Mhoja alicheka pale, mara moja, katikati ya machozi. Mzee akamuuliza mama hajambo.

"Kilo arobaini na mbili," alisema Nyamizi.

"Sijauliza uzito."

Nyamizi akaliruka swali, akauliza la kwake: zile dakika sita, kutoka mlango kufunguliwa mpaka chakula, alikuwa anafanya nini?

Mzee aliacha kisu. Alionekana kushangaa kwamba mtu aliyesoma hivyo anauliza jambo kama hilo. "Napiga hodi," alisema. "Kile chumba ni chao, siyo changu. Wamelala, utawaingilia vipi? Napiga hodi, nangoja waamke, halafu nawajulia hali mmoja mmoja. Kumi na tisa, Daktari, kwa dakika sita. Tena nilikuwa naharakisha."

Aliendelea kusema, na Nyamizi alisikiliza huku akizunguka uani mpaka kuku wakamkimbia. Kumbe kila mmoja alikuwa na jina, kinyume cha kanuni. Namba kumi na tisa aliitwa Bwana Shauri, kwa sababu hakubali kitu bila kufikiri kwanza. Na wakati wa kuvuka upepo, Nyamizi akiwa ameikazia macho mistari yake, mzee ndiye aliyekuwa ameketi mwisho wa bomba na bakuli mapajani, na kila aliyefika alikunwa nyuma ya sikio kabla ya kupewa karanga yake. Mkono wa roboti ndio uliochukua nafasi ya kukuna.

"Kwa nini hukuandika haya?" aliuliza Nyamizi, na sauti ilikuwa imempanda.

"Fomu yako ilikuwa na mahali pa kuandika salamu?"

Haikuwa napo. Fomu aliitunga yeye. Na hodi ile aliisikia kwa masikio yake, asubuhi zaidi ya elfu moja, akipita koridoni na chai yake. Hakuiandika kama ambavyo asingeandika kwamba mtunzaji alikuja na pua. Mgeni kutoka mbali angeuliza huyo mzee anawaambia nini wanyama. Yeye aliyezaliwa ndani ya hodi hakuisikia. Mazoea yana taabu.

Alirudi maabara mbio. Siku ileile alimfanya Mlishi apige hodi, kwa sauti ya mzee iliyopatikana kwenye mkanda wa sherehe ya kumuaga. Panya waliruka kama wamechomwa. Walivuka upepo mara ishirini na nane. Kwa jaribio la pili walivuka mara tisa. La tatu hawakujisumbua hata kuinua vichwa. Walikuwa wameshaelewa kwamba ile ni sauti isiyo na mwenyewe.

Jumatano asubuhi akamleta Mwinshehe. Mzee alisimama nje, akakohoa kidogo, akaita, "Hodi wenyewe!" na chumba kizima kikajaa mikwaruzo ya kucha kwenye nyavu. Akakaa mwisho wa bomba na bakuli tupu. Bwana Shauri alivuka mara thelathini na nne. Hakukuwa na karanga hata moja, naye alikuwa na njaa ya siku mbili, lakini alifika kila mara akaweka pua kwenye kiganja cha mzee, akakaa. Mstari mwekundu ulipanda mpaka ukagusa dari.

Nyamizi aliutazama. Nyekundu haikuwa njaa. Haikuwahi kuwa njaa. Ilikuwa hamu ya mtu aje. Na hamu hiyo ndiyo aliyoipachika nyuma ya sikio la mama yake, ikiwa na amri ya kujiongeza kila saa sita mchana.

Ilikuwa saa tano na nusu. Alipofika Kihonda saa sita ilikuwa imepita na mbegu imeshapanda hadi tisini na mbili. Mama yake alikuwa ameketi sakafuni kando ya mlango, mgongo ukutani, miguu imevimba imejaa mpaka vifundo havionekani. Alikuwa anajaribu kuinuka. Kila alipojaribu, jicho la mlango lilimwona, mlango ukafunguka, jua la mchana likaingia bila mtu. Kisha ukajifunga. Moyo wake ulikuwa ukidunda mara mia na thelathini kwa dakika.

"Kuna mtu anakuja," alimwambia binti yake. "Najua yuko karibu kufika. Nimechoka, Nyamizi, lakini nikilala atakuta nyumba imelala."

Nyamizi alimkumbatia palepale sakafuni na akalia kwa sauti, bila kujificha stoo safari hii. Alitaka kuizima mbegu muda uleule, lakini kuizima kulihitaji saini mbili, yake na ya Profesa. Alipiga simu. Profesa alikuwa anaandaa kikao cha kesho yake, ambapo jopo la idhini lingeamua mbegu ipewe wagonjwa elfu tisa nchi nzima. Alimsikiliza kwa subira. Hakuwa mtu mbaya, Mwakalobo. Alikuwa mtu aliyeona watu wakifa kwa kutokula na akaona namba zikipanda. Alichokubali ni kimoja, kwamba atakuja kuona kwa macho yake.

Alikuja. Alimpima Bi Mhoja, akampa dawa ya kutuliza moyo, akakaa kitambo akitazama mlango unavyofunguka na kujifunga.

"Wanakula, Nyamizi," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Wote kumi na wawili. Unataka nikawaambie wasile?"

"Wanakula mtu akiingia, Profesa. Akitoka, wanatembea. Waulize wauguzi."

Aliwauliza, mmoja baada ya mwingine, kwa simu, pale pale sebuleni. Ndiyo, mgonjwa anakula vizuri nikiwa naye. Hapana, nikiondoka sijui. Ndiyo, soli za viatu zimekwisha. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa ameokotwa barabarani adhuhuri, anauliza kila mpita njia kama ndiye aliyekuwa anakuja kwake. Wauguzi wote walikuwa wameandika vilevile: wasiwasi kiasi, madhara madogo. Lile lilikuwa neno la Nyamizi mwenyewe. Lilikuwa kwenye mwongozo. Kati ya wale kumi na mmoja, saba walikuwa wanaishi peke yao, na milango yao yote ilikuwa na jicho. Profesa aliweka simu mezani, akatia saini ya kwanza. Nyamizi akatia ya pili, na mbegu ya Bi Mhoja ikaanza kushushwa polepole, maana kuizima ghafla kungeushtua moyo.

Alhamisi, mbele ya jopo, Nyamizi alieleza yote. Alisema kosa ni lake, akaonyesha fomu yenye pengo la dakika sita. Jopo lilisimamisha mradi na kuamuru mbegu zote zishushwe kidogokidogo mpaka sifuri kabla ya kupambazuka. Mjumbe mmoja alimuuliza sasa wagonjwa hao watapewa nini badala yake, na Nyamizi akakiri kwamba hajui. Mwingine akapendekeza kwamba milango iwekwe sauti, iwe inapiga hodi yenyewe. Wengine waliitikia kwa vichwa. Ikabidi awaonyeshe mstari wa Mlishi, ishirini na nane, tisa, sifuri.

Jioni Mwinshehe aliomba orodha ya wale saba. Aliisoma, akachagua nyumba tatu zilizo upande wa Bigwa. "Miguu ni miwili," alisema. "Hao wanne watafutie wengine. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakusema mashine njoo." Nyamizi alipiga simu mpaka usiku. Alipata watu wawili.

Ijumaa kulipokucha, mbegu ya mama yake ilikuwa imefika sifuri. Safari za mlangoni zilikuwa zimekoma. Bi Mhoja alikuwa amelala chali, macho wazi, ametulia, na utulivu huo ulimtisha Nyamizi kuliko miguu inayoburuta. Alimpelekea uji. Mama alishukuru, akauangalia, akasema uwekwe tu hapo. Ulikuwa mwanzo uleule wa miezi ile. Njia yake ilijulikana: kilo arobaini na mbili, kisha arobaini, kisha thelathini na saba, na baada ya hapo hakuna hesabu.

Nyamizi alizunguka sebule. Alikwenda dirishani, akarudi, akasogeza kikombe, akakirudisha kilipokuwa. Kisha akachukua bisibisi, akaufungua mlango wa mbele upande wa jicho, akalitoa jicho na nyaya zake, akaliweka mfukoni. Akatoka nje. Akauvuta mlango kwa mkono mpaka ukafungika, na ukabaki umefungwa.

Ilikuwa saa moja ya asubuhi. Jirani alipita akamtazama, daktari mzima amesimama nje ya nyumba yake mwenyewe, hajavaa viatu. Nyamizi aliugeukia mlango. Hakukumbuka mara ya mwisho kulitamka neno alilotaka kulisema. Labda akiwa msichana.

"Hodi," alisema.

Aliweka sikio kwenye mlango. Sasa yeye ndiye aliyekuwa upande wa kungoja, na moyo wake ungepimwa wakati ule ungechora mstari wa kutoboa paa.

"Hodi!"

Kitanda kililia kidogo, au labda ni bati la jirani. Kanuni anaijua kila mtu: hodi ni tatu. Usipoitikiwa ya tatu, unageuza njia, mwenyewe hayuko au hakutaki. Nyamizi aliiogopa ile ya tatu. Aliichelewesha, akatamani kuingia tu kwa nguvu akamlishe kwa kijiko.

"Hodi, mama."

Kimya. Kisha miguu. Haikuburuta kwa haraka kama ya siku zile. Ilikuja taratibu, ikipumzika njiani, ikasimama nyuma ya mlango.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Nyamizi."

"Baba yako ndiye aliyekuwa anapiga hodi kwenye hii nyumba," ilisema sauti ya Bi Mhoja. "Nyumba yake mwenyewe, miaka arobaini na minne. Alisema nyumba yenye mtu haiingiwi kama ghala. Wewe hujapiga tangu uanze kazi. Wewe unapita."

"Najua, mama."

"Kama unataka kupita, pita hukohuko nje. Kama unaingia, ukae."

Simu ilikuwa ikilia ndani, ya ofisini, anaijua kwa mlio. Ingelia asubuhi nzima. Kulikuwa na ripoti, kulikuwa na wale wawili ambao bado hawakuwa na mtu. Nyamizi aliuegemeza uso mlangoni.

"Nakaa," alisema.

Kitasa kilizungushwa kwa shida, na mlango ukafunguliwa na mkono wa mtu. "Karibu," alisema Bi Mhoja.

Nyamizi alikaa. Alivuta kigoda akakaa chini kabisa, magoti yamemgusa kidevu, na mama yake akakaa mbele yake na bakuli la uji katikati. Mguu wa Nyamizi ulikuwa ukichezacheza wenyewe, akaukamata kwa mkono. Simu ikalia tena ikanyamaza. Bi Mhoja alichota kijiko, akakipuliza, akakirudisha. Akamtazama binti yake kama anayetaka kuhakikisha. Akachota tena, akanywa.

Nyamizi alihesabu kimoja, viwili, vitatu, vinne. Cha tano mama alimnyooshea yeye, na hapo akaacha kuhesabu.